Mtambo ukishika usukani, nani aulizwe?

KATIKA taratibu za haki zinazojulikana, za dini na za dola, mtu haulizwi kwa jambo ambalo hakulijua wala hakuwa na uwezo nalo. Mtoto mdogo haulizwi, mwendawazimu haulizwi, aliyelazimishwa haulizwi. Kabla ya kumtia mtu hatiani sharti ionekane kwamba alijua na kwamba aliweza. Hili tumelizoea kiasi kwamba hatulifikirii tena. Lakini zama hizi tumeanza kuwakalisha watu mbele ya mitambo inayojiamulia yenyewe, tukawaambia: "Wewe ndiye msimamizi," kisha tukawanyima kujua na tukawanyima kuweza. Mambo yakienda mrama, tunawauliza wao.

Nitaanza na ndege, kwa sababu katika ndege hakuna maneno ya kupambwa. Kila kitu kinarekodiwa, na kifo cha watu wengi kwa pamoja hulazimisha uchunguzi hata pale wakubwa wasipoutaka.

Jumapili ya Machi 10, 2019, saa 2:38 asubuhi, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka kutoka uwanja wa Bole, Addis Ababa, kwenda Nairobi. Dakika 6 baadaye ilikuwa imejichimbia ardhini karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwemo walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Ndege yenyewe ilikuwa mpya, aina ya Boeing 737 MAX 8. Rubani mkuu alikuwa kijana wa miaka 29, lakini alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani.

Nini kilitokea? Ubavuni mwa pua ya ndege kuna kifaa kidogo kama bawa, kinachopima pembe ambayo ndege inaukabili upepo. Viko viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Mara tu baada ya kuruka, cha kulia kilisema pembe ni kama nyuzi 15. Cha kushoto kikasema ni zaidi ya nyuzi 74, jambo ambalo kwa ndege ya abiria inayopaa kawaida ni muhali. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiona saa mbili zinazotofautiana hivyo atajua moja imeharibika. Lakini ndani ya ndege ile mlikuwa na programu iitwayo MCAS, na programu ile ilikuwa inasikiliza kifaa kimoja tu kwa wakati. Siku ile ilisikiliza cha kushoto. Ikaamini kwamba pua imenyanyuka mno na ndege iko karibu kukosa upepo wa kuibeba, basi ikaanza kuisukuma pua chini kwa kuugeuza mkia. Marubani wanavuta juu, mtambo unasukuma chini. Wakiurekebisha, unatulia sekunde chache kisha unaanza upya.

Ndugu msomaji, mtambo kukosea si jambo la ajabu. Hata jembe huvunjika mpini. La ajabu ni kwamba programu hiyo ilipoingizwa katika ndege zile, marubani walioziendesha hawakuelezwa kuwa ipo. Haikufafanuliwa katika kitabu chao cha maelekezo. Walikuja kuelezwa Novemba 2018, baada ya ndege ya kwanza kuanguka. Hiyo ilikuwa ya Lion Air, safari namba 610, iliyoanguka katika bahari ya Java Oktoba 29, 2018, ikiwa na watu 189. Katika safari ile programu iliisukuma pua chini zaidi ya mara 20. Rubani mkuu akawa anapambana na usukani, na msaidizi wake akawa anapekua kitabu kutafuta ni ugonjwa gani huu. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuandikwa.

Tena kuna jambo moja katika habari ya Lion Air ambalo kila nikilifikiria linanisumbua. Usiku uliotangulia, ndege ile ile ilipata matatizo yale yale ikitoka Bali kwenda Jakarta. Katika chumba cha marubani alikuwepo rubani wa tatu, amekaa nyuma yao akipata lifti tu. Kwa sababu yeye hakuwa na usukani mkononi, alipata nafasi ya kutazama. Akaona gurudumu la kusawazisha mkia linazunguka lenyewe, wakakata umeme wake, ndege ikafika salama. Lakini habari ile haikuwafikia walioirusha asubuhi yake. Watu 189 walikufa kwa kukosa maelezo ambayo tayari yalikuwa yamo kichwani mwa mtu mwingine.

Kwa nini MCAS ilifichwa? Hapa ndipo pa kuangalia vizuri, kwa sababu wengi hudhani ni usahaulifu wa mafundi. Boeing ilitaka 737 MAX ionekane kuwa ni ndege ile ile ya zamani yenye injini mpya, ili shirika linaloinunua lisilazimike kuwapeleka marubani wake kwenye mazoezi ya gharama katika mashine za kuigiza urukaji. Shirika moja kubwa la Marekani, Southwest, liliahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mazoezi hayo yangehitajika. Kumweleza rubani kwamba kuna mkono wa tatu kwenye usukani kungekuwa kukiri kwamba ndege si ile ile. Kwa hiyo maelezo yaliondolewa. Kutokujua kwa rubani kulikuwa sehemu ya bei.

Wapo watakaosema: lakini wale wa Ethiopia walikuwa wameshaambiwa, maana ajali yao ni ya miezi minne baada ya ile ya kwanza. Ni kweli. Na uchunguzi unaonyesha walifanya lile walilofundishwa: walikata umeme wa kusawazisha mkia. Lakini ndege ilikuwa inakwenda kwa kasi kubwa, na kwa kasi ile gurudumu la mkono lililobaki kuwa tegemeo halikuzungushika kwa nguvu za binadamu. Wakaurudisha umeme ili wapate msaada, na pamoja na umeme MCAS nayo ikarudi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ililalamika kwamba ripoti ya mwisho ya Ethiopia haikutilia uzito wa kutosha namna marubani walivyoitikia, hasa suala la kasi. Sina ugomvi na hoja hiyo kama hoja ya ufundi. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyepewa karatasi ya tahadhari isiyomweleza ndani ya mtambo mna nini na unawaza nini, kisha akapewa dakika 6, huku usukani unatetemeka na kengele zinalia, anapimwa kwa mizani gani?

Hapa tufike kwenye neno lenyewe, kuamini. Watengenezaji wa mitambo wakisema mtambo unaaminika huwa wana maana kwamba hauharibiki mara kwa mara. Wanakupa hesabu: safari kadhaa, hitilafu kadhaa. Hesabu hizo zina maana yake na sizidharau. Lakini sisi katika maisha yetu hatumuamini mtu kwa hesabu peke yake. Fundi saa asiyekosea hata mara moja, lakini ukimuuliza amefanya nini ndani ya saa yako anakufukuza, huyo unamtumia. Humuamini. Na siku akikosea hutajua amekosea wapi, kwa hiyo hutaweza kumwamini tena hata akiwa sahihi.

Lugha yetu ina ushahidi mzuri juu ya jambo hili. Neno rubani tulilompa mwendesha ndege ni neno la baharini. Rubani ni yule anayezijua njia za maji, miamba na mafungu, anayesimama na nahodha kumwonyesha pa kupita. Nahodha ndiye mwenye chombo, ndiye atakayeulizwa kikizama. Kwa hiyo rubani hamnyang'anyi nahodha usukani usiku wa manane bila kusema neno. Humwambia: "Pindisha, mbele kuna mwamba." Nahodha aweza kumuuliza ameuonaje, na akiona rubani amelewa aweza kumnyamazisha. Ujuzi ni wa mmoja, dhamana ni ya mwingine, na kinachoviunganisha ni maneno baina yao. MCAS ilikuwa rubani bubu aliyefichwa chini ya sakafu akiwa na kamba yake mwenyewe ya usukani.

Basi, mtu aweza kusema, dawa ni rahisi: mitambo iseme kila kitu. Hapana. Na hapa sikubaliani na wale wanaodhani uwazi ni kumimina habari. Mtambo waweza kuwa na ukweli wote na bado ukamwacha msimamizi wake gizani. Ushahidi wake uko Ghuba, na ni ushahidi wa damu.

Julai 3, 1988, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, iliyokuwa inatoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Walikufa watu 290, wakiwemo watoto 66. Manowari ile ilikuwa na mfumo wa Aegis, uliokuwa fahari ya jeshi lao la majini kwa kunasa na kufuatilia vitu vingi angani kwa wakati mmoja. Baadaye kanda za mfumo huo zilipochunguzwa, ilionekana kompyuta haikusema uongo: iliirekodi ndege ile ikiwa inapaa, kama ndege yoyote iliyotoka kuruka, na ilinasa ishara ya kiraia. Lakini mabaharia waliokuwa kwenye skrini walimripotia kamanda wao kwamba ni ndege ya kivita na kwamba inashuka kuwaelekea.

Ilikuwaje watu wasome kushuka mahali palipoandikwa kupaa? Waliokuwa wakitazama walikuwa katikati ya mapigano na boti za Iran, wamejaa hofu, wamekwisha amini kuwa wanashambuliwa. Hilo ni la kibinadamu. Lakini liko na la mtambo pia. Skrini kubwa ilionyesha alama ya ndege bila kimo chake. Kimo kilikuwa kwenye skrini ndogo pembeni, nacho kilikuwa tarakimu tupu. Hapakuwa na mshale wa juu wala wa chini. Aliyetaka kujua kama ndege inapanda au inashuka ilimbidi aikariri tarakimu, asubiri, aitazame tena, atoe hesabu kichwani, huku mizinga inalia na sekunde zinakwisha. Ukweli ulikuwepo ndani ya mashine. Haukuvuka kuingia katika akili ya mtu.

Sisemi haya kuwasafisha. Kuipeleka manowari kule na kuwa mwepesi wa kufyatua ni uamuzi wa watu, na Marekani, iliyolipa dola milioni 61.8 mwaka 1996, haikukiri kosa la kisheria. Lakini asiyetaka yarudiwe lazima aangalie na mshale ule ambao haukuwepo.

Mfano wa kinyume chake ni ndege ya Air France namba 447, iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikazama katika Atlantiki Juni 1, 2009 na watu 228. Vipimo vya mwendo viliganda barafu, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, ukawaachia marubani ndege ghafla usiku juu ya bahari. Mmoja akawa anavuta pua juu. Kengele ya kuonya kwamba ndege inakosa upepo wa kuibeba ilianza kulia, ikalia sana. Lakini ndege ilipozidi kuharibikiwa, mwendo uliosomeka ukawa mdogo kiasi kwamba kompyuta iliona haiwezi kuwa kweli, ikavitupa vipimo, na kengele ikanyamaza. Rubani aliposhusha pua kidogo, ambalo ndilo lilikuwa jambo sahihi, vipimo vikarudi kukubalika na kengele ikaanza kulia upya. Hebu jiweke pale. Ukikosea, mashine inanyamaza. Ukipatia, inakupigia kelele. Kila kipande cha programu kilifanya kama kilivyoandikwa, na mafundi wake waliweza kueleza kwa nini. Waliokuwa hawawezi kuelezwa ni wale watatu waliokuwa mle ndani.

Kwa hiyo kueleweka hakupimwi kwa wingi wa maelezo, wala kwa kuwa yupo mhandisi mahali fulani duniani anayejua. Kunapimwa kwa mtu huyu, aliyepo zamu, saa hii, katika hali hii ya woga au uchovu: je, anajua mtambo unafanya nini, kwa nini, na kitu gani utafanya sasa hivi? Kondakta wa daladala analijua hili kuliko wengi wenye shahada. Dereva hamwoni kila wakati, gari limejaa hadi mlangoni, lakini namna bodi inavyogongwa inatosha kumwambia kama kuna mtu anashuka au safari iendelee. Angetoa hotuba ya hali ya kila abiria, gari lingegonga nguzo.

Liko tatizo la pili, gumu zaidi, na hili ni la mtambo unaofanya kazi vizuri. Mwaka 1983 mtafiti Lisanne Bainbridge aliandika makala fupi juu ya kejeli za mitambo inayojiendesha. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kadiri unavyomwondolea mtu kazi ndivyo unavyomwachia ile sehemu ngumu tu, ya kuokoa pale mashine inaposhindwa, na ndivyo unavyomnyima mazoezi ya kumwezesha kuokoa. Unampa kazi ya kukodoa macho kwa saa nyingi akisubiri jambo lisilotokea, kisha unashangaa siku linapotokea amesinzia. Mwenye kumuajiri mlinzi wa usiku anajua: mlinzi asiye na la kufanya hulala. Hilo si suala la tabia mbaya tu. Ndivyo tulivyoumbwa.

Machi 18, 2018, usiku, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa linajiendesha lenyewe lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara akikokota baiskeli. Kwenye kiti cha dereva alikuwepo mwanamke mwingine, mwajiriwa, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama na kuingilia kati. Alikuwa anaangalia simu yake. Hilo ni kosa na hakuna wa kulipinga. Lakini tazama na lililokuwemo ndani ya gari. Vihisi vyake vilimwona yule mvukaji sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ikaanza kubabaika: ni gari, ni kitu kisichojulikana, ni baiskeli. Na kila ilipobadili jina ilisahau mwendo wake wa nyuma, ikaanza kumhesabu upya kana kwamba ndiyo kwanza anatokea. Breki ya dharura iliyowekwa na kiwanda cha gari ilikuwa imezimwa ili isigongane na programu ya majaribio. Na muda wote wa kubabaika kule, mtu aliyekuwa kwenye kiti hakuambiwa chochote. Mtambo ulikuwa na shaka, na shaka yake ukaimeza.

Hilo la shaka ndilo naliona kuwa kiini cha suala zima. Tumezoea kudai kwamba mitambo ituambie inachokijua. Mimi nadhani dai la kwanza lingekuwa ituambie isichokijua. Vile vifaa viwili vya pembe katika ndege ya Ethiopia vilipotofautiana kwa nyuzi karibu 60, hiyo ilikuwa shaka kubwa, na taa ya kumjulisha rubani kwamba vimetofautiana ilikuwa katika mpango wa ndege zote. Kwa kosa la programu, taa hiyo ilifanya kazi tu katika ndege za wateja walionunua kifaa kingine cha ziada. Boeing iligundua hilo mwaka 2017, ikaona linaweza kusubiri. Daktari anayesema "sina hakika, tumpeleke kwa bingwa" anastahili kuaminiwa kuliko yule anayeandika dawa kwa mwandiko wa kujiamini. Kwa nini mashine tuipime kwa kipimo kingine?

Msomaji anaweza kuona haya ni mambo ya ndege na ya Arizona. Hapana, yameshafika kaunta. Wakati fulani nilifuatana na jirani yangu, mama mmoja mwenye genge, kwenda kufuatilia mkopo wake mdogo katika taasisi moja ya fedha hapa mjini. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake. Akabonyeza, akatazama, akasema: "Mama, kompyuta imekataa." Imekataa kwa nini? "Haijasema, mama yangu. Inaonyesha tu nyekundu." Mama akauliza arekebishe nini ili safari ijayo ikubali. Kijana akabaki anamtazama. Nilimuonea huruma yule mama, lakini nilimuonea huruma na yule kijana. Amevaa tai, amekaa kwenye kiti cha mwenye mamlaka, jina lake liko kifuani, na hana habari ya uamuzi anaoutangaza. Mama akitukana, atamtukana yeye.

Sheria zimeanza kuliangalia hili upande wa mama. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake juu ya mtu. Ni hatua. Lakini namwona yule kijana hana sheria. Nani amempa haki ya kusema: "Sitatangaza uamuzi nisioweza kuueleza"? Maana dawa inayopendekezwa siku hizi kila mahali ni kwamba lazima pawepo binadamu katikati, atakayeridhia uamuzi wa mtambo. Maneno matamu. Lakini binadamu asiyeweza kujua kwa nini, na asiye na muda wala ruhusa ya kukataa, ni muhuri. Na muhuri hauna dhamiri. Afadhali pasiwepo mtu kabisa, ili ijulikane wazi kwamba aliyeuwasha mtambo ndiye wa kuulizwa, kuliko kumkodi mtu wa mshahara mdogo akae pale kupokea lawama.

Na mambo yanazidi kuwa magumu. MCAS ilikuwa programu fupi yenye kanuni, aliyeiandika angeweza kukueleza mstari kwa mstari. Mitambo ya leo inayojifunza yenyewe kutoka katika mamilioni ya mifano haina mistari ya namna hiyo. Hata walioitengeneza mara nyingi hawawezi kusema kwa hakika kwa nini imetoa jibu hili na si lile. Zimebuniwa njia za kuifanya itoe sababu, na baadhi ya sababu hizo ni hadithi nzuri iliyotungwa baada ya uamuzi, isiyolazimika kuwa ndiyo iliyouleta. Sababu ya namna hiyo inamtuliza msimamizi bila kumfahamisha, na kwa hakika mimi naiogopa kuliko ukimya. Ukimya wa MCAS ulimwacha rubani anajua kwamba hajui. Je, ingemdanganya?

Naambiwa na marafiki zangu wahandisi kwamba nadai makubwa, kwamba tukisubiri mitambo yote ieleweke tutabaki na mikokoteni, na kwamba usafiri wa anga umekuwa salama zaidi kwa sababu ya mitambo hii hii. Ni kweli kuhusu usalama, na mimi ni abiria, nafurahi. Lakini tazameni kilichofanyika baada ya ndege zile kusimamishwa dunia nzima Machi 2019. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliziruhusu tena Novemba 2020, baada ya miezi 20. Katika miezi hiyo MCAS ilibadilishwa: inasikiliza vifaa vyote viwili, vikitofautiana inajitoa, inasukuma mara moja tu kwa kila tukio, na haisukumi kupita nguvu ya rubani kuvuta. Marubani wanafundishwa, tena katika zile mashine za kuigiza zilizokuwa zinakwepwa. Ndege haikurudi kuwa mkokoteni. Oktoba 2023 shirika letu la ATCL lilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza, na watu wanapanda. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana hakikuwa ujuzi.

Nani basi aliulizwa? Januari 2021 Boeing ilikubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani kulipa dola bilioni 2.5, zikiwemo faini, fidia kwa mashirika ya ndege na fungu la familia za waliokufa. Mtu mmoja tu alifikishwa kizimbani kwa jina lake, rubani wa kiufundi wa kampuni, wala si mkurugenzi. Machi 2022 mahakama ya Texas ikamwachia huru. Kwa upande wa Tempe, waendesha mashtaka walisema mwaka 2019 kwamba hawaoni kosa la jinai la kuishitaki Uber. Yule mwanamke aliyekuwa kwenye kiti alishitakiwa mwaka 2020. Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi.